Madumu Kumi na Moja ya Buluu

Wenzake shambani walimwita Bi Kinyaa, naye hakulikasirikia jina hilo kwa sababu lilikuwa la haki. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mrefu, mkavu kama ufito, na tangu utotoni kitu chochote cha kunata kilimchafua roho. Asali ikimdondokea kidoleni alikunja uso kama aliyekanyaga mavi. Mtu akila naye meza moja halafu akalamba vidole, yeye alihama na sahani yake. Mama yake alizoea kusema, "Huyu binti atazaa kwa koleo." Hakuzaa, si kwa koleo wala bila koleo. Mama alipofariki alibaki kumlea mdogo wake wa pekee, aliyepishana naye miaka kumi na miwili, akamsomesha mpaka akamwoza.

Kilichomwingiza kwenye kazi ya kupuliza dawa ni kinyaa hichohicho. Alianza kama mchumaji katika shamba la mapeasi la mjane mmoja, miti mia tano imepangwa kwa mistari juu ya kilima. Msimu wake wa kwanza miti iliingiwa na wadudu ambao wachumaji waliwaita chawa. Wakubwa wana mabawa na huruka ukigusa tawi. Watoto wao ni bapa, wenye macho mekundu, nao hukaa chini ya jani wamezama ndani ya tone la mkojo wao wenyewe. Mkojo huo ni mtamu na unanata. Ulidondoka juu ya matunda, ukaota ukungu mweusi kama masizi, ukawaganda wachumaji kwenye nywele na shingoni. Bi Kinyaa alikwenda kwa mjane akamwambia, "Mama, nipe bomba. Nikishindwa kuwaua hawa, nitakufa mimi."

Mjane alimpeleka kwanza kwa bibi shamba wa eneo lile, mama mmoja mnene asiyecheka, aliyemfundisha kwa siku mbili. Soma kibandiko kabla hujafungua kifuniko. Pima kwa kikombe cha kupimia, usikisie. Koroga kwa kijiti, kamwe si kwa mkono. Glavu, barakoa, miwani, buti, mikono mirefu. Puliza alfajiri hewa ikiwa imetulia, na wakati wa maua usipulize kabisa maana utaua nyuki. Ukimaliza, oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dumu likiisha dawa, lisuuze mara tatu, maji hayo yarudishe kwenye bomba, halafu litoboe.

"Kwa nini nilitoboe kama nimeshalisuuza?" aliuliza Bi Kinyaa.

"Kwa sababu mtu akiona dumu zuri hawezi kuliacha," bibi shamba alijibu.

Kwa miaka tisa alifanya hivyo, na hakuwahi kuumwa hata kichwa. Wenzake walimcheka. Alivyokuwa akioga baada ya kazi, walisema, utadhani anasubiri kuvishwa sanda. Lakini mapeasi yalitoka safi, na mjane alimwamini.

Mambo yaliharibika mume wa mdogo wake alipopewa usimamizi wa shamba. Shemeji huyu alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, mwenye kifua alichopenda kukionyesha. Siku ya kwanza aliingia ghalani akiwa amevaa singlendi, akamimina dawa kwenye pipa bila kupima, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kukoroga. Kisha akautoa ukichuruzika maji meupe, akagusisha ncha ya kidole kwenye ulimi.

"Bado nyepesi," alisema. "Ongeza."

Bi Kinyaa alitoka nje, akazunguka nyuma ya ghala, akatapika chai yote ya asubuhi. Aliporudi alisema kwa upole aliouokota kwa shida, "Shemeji, kibandiko kinasema kofia mbili za dumu kwa bomba moja."

"Kibandiko kimeandikwa na waoga, shemeji. Hawa chawa wa siku hizi ni sugu, kofia mbili wanakunywa kama soda."

Mkono ule ule, haujapita majini, ukachukua kipande cha mkate mfukoni.

Angeweza kwenda kwa mjane siku ileile. Hakwenda. Alimfikiria mdogo wake, nyumba yake changa, na jinsi shemeji alivyokuwa mwepesi wa kununa. Akafyata ulimi. Na kwa kuwa ukishameza la kwanza la pili halikupalii, alimeza na la pili. Aliposhika nyundo na msumari kutoboa dumu la kwanza la msimu ule, shemeji alimzuia.

"Usiyaharibu. Kuna watu wanakuja kuyachukua, wanayayeyusha wanatengeneza mabomba ya maji. Wewe yaoshe tu vizuri kama unavyojua wewe."

Basi akayaosha. Aliyasuuza mara tatu, akayafuta vumbi, akayaandika namba kitakoni kwa wino mzito, moja mpaka kumi na moja, akayapanga rafuni. Yalikuwa madumu mazuri ya lita tano, ya buluu, yenye mpini imara. Kila wiki rafu ilipungua, naye akadhani wayeyushaji wamepita.

Asubuhi moja shemeji hakufika kazini, na ufunguo wa ghala alikuwa nao. Bi Kinyaa akashuka kilima kwenda kuuchukua. Mdogo wake alimpokea kwa furaha, akamkalisha jikoni, akamtilia glasi ya maji yenye ndimu. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Alikunywa mafunda mawili makubwa kabla ya kuangalia maji yalikotoka.

Mezani palikuwa na dumu la buluu. Ubavuni, mahali palipobanduliwa kibandiko, palibaki gundi iliyoshika vumbi na unyoya mmoja wa kuku. Alilinyanyua akalipindua. Namba nne. Mwandiko wake.

Mate yalimjaa mdomoni. Alisimama, kiti kikaanguka, akawahi sinki.

"Dada! Una nini? Unanitapikia vyombo vyangu?"

"Hili dumu umelipata wapi?"

"Kaniletea mume wangu. Lina mwezi sasa. Maji yanakaa baridi humu, hujui tu."

"Mwezi mmoja mnakunywa humu?"

"Na mafuta ya kupikia yako kwenye lingine," mdogo wake alisema, sasa ameshaanza kukasirika. "Kwani kuna nini? Limeoshwa."

Shemeji alitokea chumbani na mswaki mdomoni, povu likimshuka kidevuni. Aliposikia habari alicheka, povu likaruka mpaka mezani.

"Shemeji, si umeyaosha wewe mwenyewe mara tatu? Mimi huwa nawaambia watu, chukua bila wasiwasi, haya kayaosha Bi Kinyaa. Akili zao zinatulia hapohapo."

Neno lile lilimwingia kuliko yale maji. Alitazama mikono yake iliyoshikilia ukingo wa sinki, mikono aliyojivunia usafi wake maisha yote, akaiona michafu. Aliwachukia chawa kwa kulala kwenye mkojo wao. Na yeye je? Alikuwa ameifunga sumu vizuri, akaitia mpini na namba, na jina lake likatumika kuwaondolea watu wasiwasi.

"Plastiki inakunywa dawa," alimwambia mdogo wake. "Ukiisuuza unaondoa iliyo juu. Iliyoingia ndani inatoka polepole, kwenye mafuta ndiyo zaidi. Kichwa kinachokuuma kila jioni unalisingizia jua."

Mdogo wake akalisukuma dumu mbali naye. Kuhusu kichwa hakuwa amemwambia mtu. Dada mtu alikuwa amemwona tu akijifunga kitambaa.

"Madumu mengine umempa nani?" Bi Kinyaa alimgeukia shemeji.

"Mbona unauliza kama polisi?"

"Nitajie, au nianze kugonga kila mlango na kusema ni wewe."

Alitaja. Bi Kinyaa alimwaga mafuta na maji ya mdogo wake kwenye shimo la taka, akachukua madumu yale mawili na gunia, akaondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani mwenye mapacha. Dumu lilikuwa bafuni, na ndani yake maji ya vuguvugu ya kuwaogeshea watoto. Jirani alilitoa bila ubishi. Nyumba ya pili alifukuzwa. "Umekuja kutuonyesha kwamba sisi wachafu?" mama mwenye nyumba alisema. "Na hilo pua lako la kunusanusa!" Akarudi na jirani mwenye mapacha, dumu likatoka. Kwa kinyozi alilikuta limejaa maji ya kuoshea vichwa, nywele zinaelea juu kama nzi. Alilipokea kwa vidole viwili.

Kilichomvunja nguvu ni mama wa uji. Huyu alikuwa mpika uji pekee ambaye Bi Kinyaa alikubali kununua kwake. Vikombe vyake viling'aa, kilemba chake kilikuwa cheupe kila siku, na nzi hakusogea kwenye banda lake. Kila asubuhi kabla ya kazi Bi Kinyaa alisimama pale akanywa kikombe kimoja kwa raha. Sasa alimkuta ameinama anasafisha meza, na chini ya meza, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, limekaa dumu la buluu.

"Hilo unatilia nini, dada yangu?"

"Maziwa," mama wa uji alisema kwa fahari. "Lina siku kumi na sita leo. Kabla ya hapo nilikuwa na ndoo, lakini ndoo haina mfuniko, nzi hawana adabu."

Bi Kinyaa alikaa kwenye benchi. Alihesabu: asubuhi kumi na sita. Safari hii alijizuia kutapika, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mbele ya wateja. Alimweleza taratibu, sikioni. Mama wa uji alichukua sufuria ya uji, iliyokuwa bado imejaa robo tatu, akaibeba mpaka nyuma ya banda, akaimwaga yote. Wateja wakapiga kelele. Kisha akakaa chini, akavua kilemba chake na kujifuta nacho uso.

"Niliona jinsi lilivyosafishwa," alisema, "nikasema huyu aliyeliosha ni mwenzangu."

Mpaka saa tisa alikuwa na madumu tisa. Fundi viatu alikataa kabisa la kwake. "Nimevuta vumbi la ngozi na gundi miaka thelathini," alisema, akalinyanyua akanywa mbele yake, funda refu, huku akimkodolea macho. Ilibidi Bi Kinyaa arudi kesho yake na dumu jipya la kubadilishana. Na lile la kumi na moja, mlinzi wa shule alikuwa amempa msafiri mmoja aliyeomba maji njiani, hamjui, hakumwona tena. Hilo halikupatikana.

Siku ambayo mjane alikuja kukagua shamba, Bi Kinyaa alimsubiri mbele ya ghala, na madumu kumi yamepangwa miguuni. Wafanyakazi wote walikuwepo. Shemeji alisimama pembeni amekunja mikono. Bi Kinyaa alieleza yote, mkono kwenye pipa, dawa ya kukisia, madumu. Halafu akaongeza, "Na mimi nina kosa langu. Nilijua yanatakiwa kutobolewa, nikaacha ili nisigombane na shemeji. Kama ni kufukuza, anza na mimi."

"Ananichongea tu," shemeji alisema. "Kwani kuna aliyekufa?"

Mjane alimgeukia. "Wewe unasubiri mpaka wangapi?"

Hakumfukuza mtu. Shemeji aliondolewa kwenye dawa, akabaki na kupogoa miti na kusimamia ngazi. Ufunguo wa ghala ulipewa Bi Kinyaa. Yeye akachukua nyundo, akayatoboa madumu moja baada ya jingine mpaka kitako cha kila moja kikawa kama chujio. Mjane alilipia wote waliotumia madumu yale wakapimwe. Mdogo wake akaambiwa apumzike na anywe dawa za hospitali, na baada ya wiki kadhaa kitambaa cha kichwani kikaondoka. Msimu uliofuata, kwa kofia mbili zilezile za kibandiko, chawa walipungua. Bibi shamba alikuja akaeleza kwamba dawa nyingi ya shemeji ilikuwa imewaua wale mbawakawa wekundu wenye madoa wanaokula chawa, ndiyo maana chawa walistawi.

Mdogo wake hakumsemesha kwa miezi minne. Alisema dada yake amemvua nguo mume wake hadharani. Ulipofika mwezi wa tano alituma bakuli la maharage, limefunikwa kwa sahani safi. Bi Kinyaa alilichunguza bakuli kwanza, juu na chini, kisha akala.

Shemeji ndiye hakubadilika kirahisi. Lakini wakati wa kupogoa, mjane alipoagiza kila mtu avae glavu, hata yeye alizivaa, tena zile ndefu za mpira, na kutwa nzima hakuzivua. Saa sita Bi Kinyaa alitoka ghalani akamkuta ameketi kivulini na glavu zake, zina matope, utomvu na vumbi la dawa lililokuwa juu ya matawi, anamega mkate na kuuchovya kwenye mchuzi.

"Umeona, shemeji?" alisema mdomo umejaa. "Siku hizi sigusi chakula kwa mikono michafu."

Bi Kinyaa alimnyang'anya sahani, akaenda nayo mpaka kwenye shimo la taka na kumwaga kila kitu. Kisha akarudi na sabuni na ndoo ya maji, akaziweka mbele yake, akasimama pale mpaka alipomaliza kunawa.