Kikohozi cha Mama Kengele

Watu wa jengo lile hawakuhitaji saa kujua kama fundi cherehani amefungua duka. Walisikia kikohozi. Koh, kimya kidogo, koh-koh, kisha cherehani ikaanza kunguruma. Ndiyo maana wote walimwita Mama Kengele, naye aliitika bila kinyongo. Kengele, alisema, hailii bure.

Kwa miaka kumi na tisa alishona sare za askari wa msitu, wale wanaowalinda gorila wa milimani. Msitu wenyewe hakuwahi kuukanyaga. Aliujua kwa nguo zilizochanika. Suruali ikija na mpasuko mrefu gotini, alijua ni miiba ya mteremkoni. Ikija na tope matakoni, alijua mwenyewe aliteleza na hapendi kuulizwa. Siku moja ikaja iliyochanwa mguu mzima, toka pindo hadi paja.

"Mtoto wa gorila aliivuta," askari akasema, kama anayesimulia habari za mpwa wake. "Alitaka tucheze."

Mama Kengele aliishika suruali ile muda mrefu kabla ya kuitia sindano.

Kwa hiyo askari walipomwandikia kwamba wamempa nafasi katika kundi la watu wanane watakaopanda kuwaona gorila, aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Mara ya tatu ndipo alipouona mstari wa chini: mwenye kikohozi au mafua atarudishwa getini, maana gorila huambukizwa maradhi ya binadamu, na mafua yanayotupita sisi huweza kuwaua wao.

Fundi viatu, aliyekaa chini ya ngazi karibu na mlango wake, alimwita shemeji kwa sababu alisoma darasa moja na marehemu mumewe. Aliposikia sharti lile, aliweka nyundo chini ili acheke vizuri.

"Shemeji, barua hiyo imekosea mlango. Ukikohoa wewe, gorila watahamia msitu wa pili."

"Cheka tu. Una wiki sita za kucheka kabla sijapanda mlima."

Binti yake, muuguzi, alimpeleka kupimwa kifua. "Mapafu mazima, mama. Hilo ni vumbi la nguo. Umelimeza miaka thelathini. Kaa nalo mbali."

"Sasa nishone nini, maji?"

Lakini alitii. Akachukua chaki na kuchora wiki sita ukutani, zimepangwa kama vipande vya shati kabla ya kukatwa. Cherehani ikahamishiwa barazani kwenye upepo. Masweta na mablanketi akayakataa. Akikata kitambaa, alivaa barakoa. Na kila asubuhi alitia pasi mbili za mkaa kwenye mkoba, akaubeba mgongoni na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akashuka, mara kumi.

Fundi viatu alijipa kazi ya kumhesabia. "Hiyo ya nne."

"Ya saba."

"Nne. Zile tatu ulipumzika njiani. Huo ni utalii."

Kufikia wiki ya tano, jengo zima lilipoteza saa yake. Mlinzi alichelewa kufungua geti mara mbili, na mwenye duka la vitabu akauliza kama Mama Kengele amehama. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

Ila kinyozi hajinyoi. Siku moja kabla ya safari, suruali yake mwenyewe ilikuwa bado vipande mezani. Mlimani ni baridi, na yeye alizoea kusema kwamba suruali isiyo na bitana kwa ndani ni gunia lenye miguu. Angewezaje kusimama mbele ya watu wanaovaa kazi ya mikono yake akiwa na gunia? Akachagua bitana laini yenye manyoya, akaanza kukata. Fundi hushika pini kwa midomo, na midomo haishiki pini ndani ya barakoa. Akaivua, kidogo tu, alijiambia. Jioni suruali ilikuwa tayari, imekaa kama ya harusi. Ndipo kikohozi kikatoka: koh.

Asubuhi getini, kiongozi wa askari aliwapanga wageni mstari mmoja. "Kuna mwenye kikohozi au mafua?"

Watu saba wakajibu hapana. Koo la Mama Kengele lilikuwa likimkwaruza, lakini hakuwa amekohoa tangu aamke. Angeweza kukimeza kikohozi. Nani angejua? Akaukumbuka ule mguu wa suruali uliovutwa na mtoto. Akanyoosha mkono.

"Mimi. Nilikohoa jana, na koo linanikwaruza sasa hivi."

Askari walitazamana. Daktari wa wanyama akaja, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Akampima joto, akasikiliza kifua, akasoma karatasi za hospitali, akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Hakuna. Kisha akainama, akachomoa unyoya mweupe kwenye pindo la suruali.

"Hii nini?"

"Bitana."

"Basi nadhani inayokohoa ni bitana. Lakini sikupitishi kwa kudhani. Tunaondoka baada ya nusu saa. Nikikusikia hata mara moja, unabaki."

Mama Kengele aliingia chumba cha askari, akafunga mlango na kujifunga kanga. Akavaa barakoa, akailowesha bitana kwa maji ili manyoya yasiruke, akatoa mkasi mdogo ambao hatoki nyumbani bila kuuchukua. Kazi ya siku nzima aliifumua kwa dakika kumi. Akanawa uso na mikono, akavaa gunia lake lenye miguu, akakaa nje akinywa maji funda moja moja. Askari sita walijifanya wanakagua viatu vyao.

Nusu saa ikaisha. Daktari alimfunga barakoa mpya kwa mikono yake mwenyewe. "Twende."

Walipanda kwa muda wa saa tatu. Miiba ilichana suruali za vijana wawili. Ya Mama Kengele ilikwaruzwa tu. Vijana walipoketi kuhema, yeye alisimama, akiwa mwepesi bila pasi zake. Mwisho kiongozi akainua mkono, majani yakasogea, na dume kubwa likaonekana limeketi likichuma majani, mgongo wake umejaa mvi.

Kiongozi akasafisha koo. Taratibu, kwa sauti nzito: mmm-hmm.

Mama Kengele akamgeukia kwa mshtuko.

"Ndivyo tunavyobisha hodi," kiongozi akanong'ona.

Na lile dume, bila kugeuka, likajibu kutoka kifuani kwa sauti ile ile. Wiki sita Mama Kengele alikuwa ameizuia sauti hiyo. Kiongozi akamtazama, akainamisha kichwa kumruhusu. Nyuma ya barakoa akaiachia, fupi na ya chini. Dume likamtupia jicho, likaitikia, likarudia majani yake.

Kesho yake alipofika dukani, fundi viatu alikuwa tayari na maneno yake. "Eh, shemeji, walikuvumilia na kengele yako?"

"Nilibisha hodi," akasema, akifungua kufuli. "Wakaitika."

Fundi viatu akamtazama usoni akitafuta mzaha, akaukosa. Akagonga msumari mmoja, wa pili.

"Zilikuwa kumi," akasema hatimaye. "Zile za ngazi. Kila siku zilikuwa kumi."