Wosia Ambao Baba Hakuutoa

Baba alifia mikononi mwangu, katika nyumba yetu juu ya mashamba ya chai. Mama alikuwa ametangulia. Maneno ya mwisho ya baba niliyasikia peke yangu: "Usiwaache wenzio." Sikurudi tena shule. Nilichukua kikapu chake cha kuchumia chai, nikambeba mgongoni mdogo wetu wa mwisho, nikaingia shambani.

Kwetu neno la marehemu halijadiliwi. Aliyelisikia hulisema mbele ya ukoo kwenye matanga, nami nililisema, wakaitikia.

Miaka ikapita. Kampeni zilipoanza, ikatumwa video kwenye kundi la simu la wakulima wa chai. Ilikuwa picha ya baba, ile iliyotangulia jeneza lake, midomo inacheza. Sauti waliichota kwenye hotuba zake za zamani, alipokuwa mwenyekiti wa wakulima. Ilikuwa yake kabisa, hadi kile kikohozi kabla ya kuanza kusema.

"Ndugu zangu wakulima, huu ndio wosia wangu. Kura zenu mpeni kijana wetu huyu."

Kijana mwenyewe, baba anafariki, alikuwa bado anavaa kaptula za shule.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alifika asubuhi ukungu haujaondoka.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Wosia wa mdogo wangu ulituletea nusu. Nusu nyingine uliificha wapi?"

"Ile imetengenezwa na kompyuta, baba. Inaiga sauti ya mtu."

"Kompyuta ilimjulia wapi mdogo wangu hata ikohoe kama yeye?"

"Huyo mgombea alikuwa mtoto wakati ule!"

"Ndiyo maana tulimpa mdogo wangu uenyekiti. Alikuwa anaona mbali."

Akaondoka bila kunywa chai. Hilo hakuwahi kunifanyia kabla.

Nikaenda Lushoto, kwenye ofisi ya kampeni. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinikalisha, akaniletea soda.

"Dada, ile ni sanaa tu. Tena pale chini tumeandika kwamba imetengenezwa."

Nilikuwa nimeyaona hayo maandishi. Madogo kama chawa.

"Nchi hii ina uhuru wa kutoa maoni," akaongeza.

"Maoni ya nani?"

"Ya mzee, kama angekuwepo."

"Angekuwepo, mngemuuliza."

Akacheka, akasema mzee alikuwa mtu wa watu, si wa familia peke yake. Soda niliiacha mezani.

Siku ya kupima majani nilisimama kwenye kituo chetu cha kuuzia chai, nikawaambia wenzangu kwamba baba hakusema vile. Wakala wa mgombea akanikatiza. "Usituchafulie hali ya hewa, dada. Huo ni uchochezi." Mama mmoja nyuma yangu akasema, akikusudia nisikie, "Amelelewa na baba mzuri vile, leo anampinga kaburini." Wengine wakainamia vikapu vyao. Marehemu aliruhusiwa kusema. Mimi niliye hai ndiye niliyekuwa mchochezi.

Yule mgombea alishinda. Labda angeshinda hata bila baba. Baba mkubwa siku hizi anaitikia shikamoo yangu huku anatembea.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho haikumbuki sauti ya baba, na ile video ameihifadhi. Tulikuwa barazani tunachambua maharage alipoicheza tena, kwa sauti ya chini, ananiangalia.

"Dada, alikuwa anakohoa hivi kweli?"

"Kikohozi ni chake. Maneno si yake."

"Basi hebu sema ya kwake, kama alivyoyasema."

Nikaweka ungo chini. Maneno nilikuwa nayo, yale mawili yaliyonitoa shule. Nikakohoa kidogo, nikafungua mdomo, na sauti iliyonijia kichwani ilikuwa ya kwenye simu. Nikaitafuta ile nyingine, ya kitandani, iliyokuwa imekwisha nguvu. Haikuja.

"Usiwaache wenzio," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe.

Akaicheza tena video.