Ukaguzi wa Mlangoni

Stumai hapokei mtoto kama wanavyopokea walezi wengine wa hapa Nkuhungu. Wengine wananyoosha mikono tu, mama anageuka na kukimbilia gari la Mtumba, kwenye ofisi za serikali, basi. Stumai anamlaza mtoto kwenye mkeka pale mlangoni, mama yake akiwa anaona, na anamkagua. Anamtia kidole kiganjani. Anamshika mikono na kumvuta taratibu akae, aone kama shingo inafuata au inabaki nyuma. Halafu anapiga ulimi karibu na sikio, ule mlio wa lugha ya kwao Kwa Mtoro ambao sisi wengine hatuuwezi, aone kama mtoto atageuza kichwa. Akigeuza, Stumai anacheka. Hapo ndipo anasema, "Haya, mlete."

Kukagua kabla ya kupokea nilimfundisha mimi. Ujuzi wenyewe alikuja nao. Alikuwa mhudumu wa usafi katika wodi ya wazazi, miaka sita anapiga deki huku anatazama wakunga wanavyowapima vichanga. Mimi nauza mitumba ya watoto, na uzio wetu ni mmoja. Belo la nguo likifunguliwa muuzaji akiwapo, kasoro ni yake. Ukilibeba mpaka nyumbani ndipo ulifungue, kasoro umeinunua wewe.

Yeye alikuwa ameshaibeba ya mwenzake. Mama mmoja alimletea mtoto wa miezi mitatu ambaye mkono wake wa kulia ulining'inia tu, haukunjiki, haushiki. Ulivutika siku ya kuzaliwa, mtoto alipokwama mabega. Stumai aliujua mkono wa namna hiyo tangu wodini, lakini hakusema kitu, akidhani mama anajua. Wiki mbili baadaye mama akaja juu: umemvuta mwanangu! Siku hiyo tulishinda kutwa ofisi ya mtaa, kesho yake kutwa polisi. Kadi ya kliniki ndiyo iliyomwokoa, mkono ulikuwa umeandikwa humo tangu siku ya kwanza. Lakini maneno yalishasambaa. Katika watoto kumi na mmoja wakabaki wanne.

"Mama Jenifa, nifanyeje sasa?" akaniuliza.

"Wakague mlangoni. Aliye mzima mpokee. Mwenye kasoro, mwambie mama yake nafasi imejaa."

"Na kasoro yenyewe nisimwambie?"

"Kwani wewe daktari? Ukisema utaitwa mchawi. Ukinyamaza utalala kwako."

Akanisikiliza. Mwaka haukuisha alikuwa na watoto tisa.

Gladness alikuja mwezi wa saba, asubuhi ya upepo ule wa Dodoma unaojaza mchanga mdomoni. Alikuwa karani wa wizara moja huko Mtumba, anamlea mtoto peke yake, na binti wa kazi alikuwa ametoroka juzi yake. Mtoto aliitwa Elisha, miezi mitano.

"Shikamoo mama. Huyu usimwone mdogo. Ana nguvu huyu! Anasimama."

Akamshika kwapani akamsimamisha kwenye mkeka. Miguu ikanyooka kama michi. Visigino vikabaki juu, mtoto kasimamia vidole, na mguu mmoja ukapita mbele ya mwenzake.

"Mnaona? Miezi mitano tu! Bibi yake anasema huyu mwanajeshi."

"Basi nimtafutie kombati," nikasema mimi, nilikuwa naanika nguo pale uani. Tukacheka wawili. Stumai hakucheka.

Akamlaza. Ngumi zilikuwa zimefungwa, vidole gumba vikiwa ndani. Akapenyeza kidole chake, kikakamatwa kikakaa hapo hapo. Kichanga anashika hivyo bila kujua, kila kinachogusa kiganja chake anakibana. Lakini wa miezi mitano tunatarajia awe ameshafungua mkono, ananyakua leso ya mama, anaitia mdomoni. Akamvuta akae, kichwa kikabaki nyuma kabisa. Akapiga ulimi, mtoto akashtuka mwili mzima, mikono ikatawanyika kama ya aliyezaliwa jana.

Stumai akaniangalia. Nami nikamtikisia kichwa, kidogo tu, kama ninavyomtikisia mwenzangu sokoni asikubali bei.

"Mama Elisha," akasema, "nafasi imejaa."

"Jamani! Si nimeambiwa ipo?"

"Ilikuwepo. Imejaa jana."

Gladness akamfunga mtoto mgongoni. "Haya. Nitampeleka kwa bibi yake kijijini, ng'ambo ya Bahi. Maziwa ya kule yatamkomaza."

Alipokwisha kuondoka Stumai hakuinuka pale mkekani. "Yule mtoto ubongo wake una jeraha," akasema. "Ilitakiwa aende hospitali sasa hivi, akiwa bado laini."

"Mfuate basi umwambie."

Nilisema kwa kumkejeli, nikijua haendi. Hakwenda.

Ikapita mwaka na miezi miwili. Siku moja, saa moja asubuhi, Gladness akaingia tena uani. Nilimtambua kwa sauti, maana mwili ulikuwa umekwisha. Mgongoni alikuwa na Elisha, miguu imechomoza imekaza, kichwa kimelala upande.

Hakusalimia. Akamlaza Elisha kwenye mkeka na kuanza kueleza, kama mtu anayesoma hati. Bibi aliona mtoto hakai wala hatambai, akafanya alivyofanya kwa watoto wake waliochelewa. Alichimba shimo la kimo cha kiuno, akamsimamisha Elisha ndani, akafukia mchanga ili miguu ishike nguvu. Kila asubuhi, miezi mitatu. Mtoto analia, bibi anamwimbia na kumlisha uji humo humo shimoni. Gladness alipokwenda kuwaona, akikunja mguu wa kushoto kumbadilisha nguo, mtoto anapiga yowe. Mjini wakampiga picha. Nyonga imetoka mahali pake.

"Mtaalamu wa viungo akaanza kumpima," akasema. "Kamtia kidole kiganjani. Kamvuta mikono. Nikasema, mbona haya nimeshayaona? Nimeyaonea wapi? Nikakumbuka." Akamkazia macho Stumai. "Uliona siku ile?"

Nikaingilia. "Gladness mwanangu, huyu ni mlezi tu, hakusomea mambo ya..."

"Sijakuuliza wewe, muuza mitumba."

Moyoni nilikuwa namwomba Stumai akane. Neno moja tu, nani angethibitisha?

"Niliona," akasema Stumai.

"Ukaniambia nafasi imejaa."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Niliogopa polisi. Nilishapelekwa kwa ajili ya mtoto wa mtu."

Gladness akatikisa kichwa polepole. "Mtaalamu kasema hata ningempeleka siku ile asingepona. Sikudanganyi. Lakini wangemwangalia nyonga mapema, na pengine angefundishwa kukaa. Kukaa tu, mama. Sikuomba akimbie."

Magari ya Mtumba yalikuwa yanapiga honi barabarani, na Gladness alitakiwa awe ndani ya mojawapo.

"Walezi wanne wamemkataa," akasema. "Kazini nimeshapewa barua ya pili. Wewe angalau unajua alivyo."

"Anameza?" akauliza Stumai.

"Uji mzito anameza. Mwepesi unampalia."

"Mazoezi walikuonyesha?"

Gladness akapiga magoti na sketi yake ya ofisi juu ya mkeka. Akamwonyesha namna ya kuitenganisha miguu bila kulazimisha, upande wa kushoto taratibu zaidi, na namna ya kusugua ukingo wa kiganja mpaka ngumi ilegee. Elisha akalia. Kina mama wengine walikuwa wanafika na watoto wao. Walisimama pale pale penye geti, wakiwa wamewakumbatia.

Mwezi ule waliondoka watatu. Mmoja alisema hataki mwanawe aige. Mwingine hakusema, alituma tu mtu achukue chupa na nepi. Nikamwambia Stumai amrudishe yule mtoto kwa mama yake kabla hajabaki naye peke yake.

"Ushauri wako nilishaufuata mara moja, Mama Jenifa," akanijibu, na akaendelea kumkunja mtoto magoti.

Sibishani naye. Ila hata sasa nasema, kwa mlezi aliyetoka polisi mwaka ule, ushauri ule ulikuwa sawa. Mtu hulinda kwanza mlango wake. Sikujua tu kwamba kile kilichokuwa kinapimwa kwenye mkeka ni muda wa mtoto, na kwamba muda huo hakuna belo jingine litakaloshuka nao.

Elisha ana miaka miwili na nusu. Majuzi nilimkuta Stumai amemkalisha katikati ya mapaja yake, ameachia mikono yake yote miwili, na kichwa cha mtoto kimesimama chenyewe. Nikaanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Kilianguka nilipofika kumi na mbili.

"Kumi na mbili," nikamwambia, nikidhani nampa habari njema.

"Jana zilikuwa kumi na tano," akasema, akamwinua tena.