Kikohozi cha Baba Mkwe

Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu, huku nje ya Isiolo kwenye barabara ya kwenda Merti, na kwa muda mrefu mama yangu mzazi alikuwa akienda haja kichakani. Aibu iliyoje! Nafika kwa watu, nahubiri: chimbeni vyoo, naweni kwa sabuni, uchafu mnaouacha kando ya laga ndio mnaokunywa mvua ikinyesha. Wananisikiliza kwa adabu zote, kisha mmoja anauliza, "Na mama yako je?" Kicheko. Naendelea.

Laga yetu ni mto wa mchanga mtupu. Tunachimba vishimo humo humo mchangani na kuteka maji kwa kikombe. Lakini mvua ikipiga milima ya Meru, maji hushuka ghafla huku kwetu jua likiwaka, yakazoa kila kitu. Na kichaka cha mama kilikuwa ng'ambo ya laga hiyo. Macho yalikuwa yamemwisha, anapapasa njia kwa fimbo. Niliogopa kwamba siku moja ingemchukua. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Basi nikamjengea choo. Fundi akachimba, akaweka sakafu na mabati, akasimamisha bomba la kutoa harufu nililonunua mjini, mtaa wa Wabera. Mlangoni nikatundika kibuyu chirizi, jerikeni ambayo ukikanyaga kijiti inakumiminia maji, na sabuni kwenye kamba. Mahali nilichagua mwenyewe, mbali na maji, ardhi ngumu. Palikuwa mlango wa boma la mbuzi la babu, baba yake baba, alipokuwa akikaa na kigoda chake. Sikuona shida. Babu alishakufa zamani.

Mama aliingia mara ya kwanza Jumapili baada ya kanisa. Akatoka mbio, leso amejifunika mpaka usoni.

"Baba mkwe yuko humo," akasema.

"Ala! Mama, maiti anatafuta nini chooni?"

"Amekohoa."

Kwetu mke haonani ana kwa ana na baba ya mume wake. Mzee akikaribia hukohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, na mke akisikia hutoka njiani, hujifunika, hugeuza mgongo mpaka apite. Mama aliishi hivyo tangu aolewe. Sisi wajukuu mambo yalikuwa kinyume: babu akikohoa tulimkimbilia, maana alikuwa anatuita tumpelekee maji.

Nikaenda kusikiliza. Haki ya Mungu, kilikohoa. Nywele zikanisimama. Kisha nikaona vumbi likizunguka uani, na kila upepo ukipita juu ya bomba, mle ndani panakohoa. Nikacheka kwa nguvu ili mama anisikie.

"Huo ni upepo tu, mama!"

"Upepo haujui kukohoa mara mbili."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia kwamba ananitia aibu, kwamba atakufa kwa ukaidi wake. Akachukua fimbo yake, akashika njia ya laga.

Nikamwita fundi, tukang'oa bomba, tukalilaza kando ya ukuta na kuziba tundu lililobaki kwa saruji. Choo kilinuka kidogo lakini kikanyamaza.

"Haya, mzee amehama," nikamwambia mama.

"Hajahama. Amenyamaza."

Alasiri moja msimu wa mvua nilikuwa nikimfuata mama kwenda laga, namsihi arudi, maana upande wa Meru mbingu zilikuwa nyeusi tititi. Kwetu jua kali. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mbuzi waliokuwa wakilia njiani walikuwa wamenyamaza, na ndege pia. Ukimya ule sikuupenda hata kidogo. Tuliteremka ukingo, mama akatia fimbo mchangani.

Kikohozi. Kikavu, mara mbili.

Hakikutoka nyumbani. Kilitoka mbele yetu, katikati ya laga, na pale hapakuwa na mtu, ni mchanga mweupe tu mpaka ng'ambo. Nilikisikia kwa masikio yangu mawili. Mama hakushtuka. Alifanya alilolifanya maisha yake yote: akavuta leso usoni, akageuka, akaanza kupanda ukingo kumpisha mzee.

Na mimi? Mimi nilikwenda mbele. Sikuwa nimeamua, miguu ilikwenda yenyewe kama utotoni, na moyoni nikijiuliza maji ya babu nimeyaacha wapi. Mama alinikamata nguo kwa nyuma, akanivuta kwa nguvu nisizojua kama anazo. Tulikuwa tumefika juu tu maji yakaja, ya rangi ya matope, na magogo, na mbuzi aliyekufa. Yakafunika vishimo vyetu vyote na alama ya fimbo.

Mama alikuwa bado ameyapa mgongo, amejifunika.

"Ameshapita?" akaniuliza.

Nikamshika mkono tukarudi.

Tangu siku hiyo hajavuka laga. "Amenifukuza huko," anasema, "ataka nikaende wapi tena?" Anafika mlangoni mwa choo, anakohoa mara mbili kumwomba mzee ampishe, anangoja kidogo, anaingia. Akitoka anakanyaga kijiti, ananawa. Wanawake walionicheka nao wamechimba vyoo vyao, na mmoja ameniuliza kama kukohoa ni lazima. Nilicheka naye.

Bomba bado limelala kando ya ukuta. Fundi ameniomba mara nyingi alirudishe na mimi nakataa. Mama hunishangaa kwamba mimi naingia bila kukohoa, ananiita mtoto asiye na adabu. Sijamweleza. Yeye akijibiwa kwa kikohozi atapisha tu. Mimi ni mjukuu, na nimeshaona miguu yangu inakokwenda nikiitwa.