Ekzosi ya titaniamu imepona, mwenye gari kanuna

Leo nimefokewa kwa sababu nimetengeneza gari likapona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwembesongo. Asubuhi kaka mmoja wa Mafiga kaniletea gari lake, ekzosi ya titaniamu imepasuka, linanguruma mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Mama yake kakaa kiti cha mbele.

Titaniamu haitaki papara, jamani. Nikaisafisha, nikajaza gesi ya agoni ndani ya bomba ili hewa isiiharibu ikiwa ya moto, nikachomelea taratibu. Mshono ukatoka unang'aa kama fedha!

Kaka akawasha gari. Kimya.

Akanikodolea macho. "Fundi, sauti yangu iko wapi?"

"Ule ulikuwa ufa, kaka."

"Mtaa mzima wananijua kwa ile sauti! Toboa tena!"

Nyie mngetoboa?

Mama yake akashusha kioo. "Fundi, ukitoboa na mimi nakutoboa. Miezi mitatu naongea na huyu kwa ishara!"

Nikamwamkia shikamoo, nikaweka vifaa chini.

Wakaondoka. Gari limetulia hivyo, nikamsikia mama anamsema mwanawe mpaka walipokata kona.