Kalamu ya Kahawia ya Mwalimu Apolonia

Mwalimu Apolonia alipostaafu, majirani wa Tabata walidhani atarudi kwao Bukoba akale ndizi kwa raha zake. Wapi! Alitandika mkeka barazani, akaita watoto wa mtaa waje kusoma kila jioni. Alikuwa na donge la tangu utotoni. Vitabu alivyosomea yeye vilijaa watoto weupe wenye nywele za njano, akakua akiamini watu wa vitabuni ni kabila jingine, lisilougua malaria wala kutumwa maji. Aliapa watoto wa Tabata hawatakua hivyo.

Basi, kanisani wakamletea boksi la vitabu vya msaada. Kufungua, weupe watupu. Akasonya. Aliwaacha watoto wavisome mwezi mzima, roho ikimuuma, mwisho uzalendo ukamshinda. Akanunua kalamu za kahawia, akawapaka wote, uso kwa uso, nywele akazitia nyeusi ti. Msimcheke. Wiki nzima mgongo ulimuuma, na alifanya kwa mapenzi.

Siku alipovirudisha mkekani, baraza lilirindima. "Huyu mimi!" "Huyu Mbwana, ona masikio!" Apolonia alijifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Gladness peke yake hakucheka. Huyu ni binti wa Elibariki, fundi viatu. Ana miaka saba na ana ualbino. Kofia yake pana haimtoki kichwani, na kwa sababu ya macho husoma pua ikigusa karatasi. Mwezi ule wote alikuwa na kitabu kimoja tu, cha msichana na mbuzi wake. Sasa alikifunua, akakifunua tena.

"Bibi, yule wangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo, mama. Nimempaka rangi tu, apendeze."

Mtoto akamtazama. "Kwani alikuwa na ubaya gani?"

Miaka thelathini na nne ya ualimu, na Apolonia akageukia kupanga vitabu.

Kesho yake Gladness hakuja. Wala keshokutwa. Apolonia alichukua wembe, akakwangua uso wa yule msichana taratibu, karatasi ikatoboka. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mbio. Akakibeba kitabu hivyo hivyo hadi kwa Elibariki.

"Shikamoo, Mwalimu," Elibariki alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona. "Huko shuleni wanamwita majina. Kwako ndo palikuwa pa kupumulia."

Maneno yale yalimchoma. Akainama mbele ya pazia la mlango, ambako aliona ncha ya kofia.

"Gladness, mama, nimekukosea. Nilidhani nawaingiza watoto wote kitabuni, kumbe wewe nimekutoa. Hukuwa na ubaya wowote. Nisamehe."

Kisha pazia likasogea.

"Una karatasi?"

Apolonia alikuwa nayo, na kalamu za rangi zote. Gladness akalala kifudifudi sakafuni, akachora msichana, mbuzi, na kofia pana. Nywele akazitia njano. Uso akauacha kama ulivyo. Kando yake akachora mwanamke wa khanga, halafu akanyoosha mkono.

"Bibi, nipe ile ya kahawia."

Apolonia alisita. Kisha akampa.

"Huyu ni wewe," Gladness alisema, akaanza kumpaka polepole, asitoke nje ya mstari.