Makocha Wawili Mlangoni

Kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Kocha wa chuo kimoja alipokuja nyumbani Walthamstow, huku ughaibuni, kumtaka binti yangu kwenye timu yao ya mpira, nilimpa chai na chapati, nikatia saini fomu yake ya usajili. Wiki iliyofuata akaja kocha wa chuo cha jirani. Naye akala chapati, naye nikamtilia saini. Vyuo vyenyewe vimeachana vituo viwili tu vya basi, lakini vinagombania watoto wa mtaa huu kama mpira wa kona. Nilidhani mmoja atachoka mwenyewe.

Jumamosi asubuhi kengele ikalia. Nikachungulia dirishani: wamesimama wote wawili, kila mmoja na karatasi yenye saini yangu. Hii nchi ya watu, saini si mchezo. Niliona kesi. Nilimwona mwanangu akikosa vyuo vyote viwili kwa upumbavu wangu.

“Usifungue!” nikamnong’oneza binti yangu, aliyekuwa akielekea mlangoni.

Akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake: mama, mimi uliniuliza lini?

Kengele ikalia tena, lakini hofu yangu ilishatoka mlangoni, ikahamia kwake.